Mnaokwenda kusalimia wazee Desemba, tokeni nao nje

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua niseme neno kuhusu likizo ya Desemba. Ukifika mwezi huo magazeti, lako likiwamo, yanatuhimiza Watanzania tutembelee vivutio vyetu, na picha ni zile zile: simba wa Serengeti, bonde la Ngorongoro, theluji ya Kilimanjaro. Sina ugomvi nazo. Lakini mimi ni fundi cherehani hapa Dodoma, mume wangu ni dereva wa lori, tuna watoto watatu, na fedha ya likizo ikipatikana huwa ina mwenyewe tayari: nauli ya kwenda kuwasalimia wazee. Familia za namna yetu ndizo nyingi. Swali letu la Desemba ni kama tutafika kwa mama mkwe mwaka huu au tutapiga simu tu.

Ninachotaka kusema ni kwamba nauli hiyo hiyo ikishalipwa, matembezi yako ndani yake. Kwetu ni Tanga, upande wa mume, na Lushoto, upande wangu. Kwa mwenzangu ni Kilwa, au Kigoma, au Iringa. Niambieni ni wilaya gani isiyo na pango, boma, magofu, maporomoko au kaburi la mtu aliyetajwa kwenye kitabu cha historia cha mtoto. Vyote hivyo viko mwendo wa daladala au bodaboda kutoka sebule tunazoshinda tumekaa tangu chai ya asubuhi mpaka chakula cha usiku, tukiangalia televisheni ile ile tuliyoiacha nyumbani.

Na nisisitize hili, maana ndilo lililonifanya nishike kalamu: mkienda, msiende peke yenu. Mwenyeji naye aende.

Mama mkwe wangu anakaa Makorora, Tanga mjini. Mapango ya Amboni yako Kiomoni, kilomita kama nane tu kaskazini mwa mji, nje kidogo ya barabara ya Horohoro. Ameishi Tanga umri wake wote, amezalia hapo, ameuza mbaazi na maandazi hapo, na hakuwahi kukanyaga Amboni. Tulipomwambia twende sote alicheka. "Kule si wanakwenda wanafunzi na Wazungu?" Wifi yangu naye akaunga mkono, eti mama ana magoti, kule kuna kuinama. Mume wangu akasema basi atakaa nje, lakini gari moja litatubeba sote, mkeka uwekwe na chupa ya chai iwekwe.

Watoto waliingia na mwongozaji na tochi yake. Ndani ni mawe ya chokaa, na maji yanayodondoka tangu enzi na enzi yameyachonga kwa namna ambayo kila mwongozaji anayapa majina: huyu simba, huyu mamba, ule mlima Kilimanjaro. Kuna mahali dari inashuka unakwenda umejikunja kama herufi. Kuna popo, na harufu ya popo, ambayo kitinda mimba wangu aliizungumzia mpaka tunarudi Dodoma. Kuna mzimu, mahali ambapo watu wa jirani wamekuja kuomba tangu zamani, na utakuta wameacha vitambaa na chupa za marashi na sarafu. Mwongozaji akawapa pia hadithi ya mbwa wa Wazungu aliyepotelea mle akaja kuonekana Kilimanjaro, na ya njia ya chini kwa chini inayotokea Mombasa. Binti yangu wa sekondari hakukubali kirahisi. Nilimwambia asiharibu hadithi, ila kweli ni kwamba wataalamu waliopima mapango hayo mwaka 1994 hawakukuta pango lililofika hata kilomita moja.

Tulipotoka tulimkuta mama mkwe kwenye mkeka wake, na waliokaa kumsikiliza ni watu wanne, wawili kati yao wafanyakazi wa pale pale. Alikuwa anazungumza habari za Osale Otango. Mwongozaji ndani alikuwa amelitaja jina hilo kwa dakika moja: mtu aliyesakwa na polisi wa mkoloni miaka ya 1950, akawa anajificha mapangoni. Bibi wa watoto alikuwa mtoto mdogo wakati huo. Yeye alikuwa anaeleza jinsi mama yake alivyokuwa akifunga mlango kabla ya Magharibi, jinsi watu wazima walivyokuwa wakilitaja jina lile kwa kunong'ona, wengine kwa hofu na wengine kwa kumshangilia, maana ilisemwa akichukua kwa matajiri huwakumbuka maskini. Polisi wakija kuuliza, hakuna aliyeona wala kusikia. Mwongozaji alisimama na tochi yake imewaka mchana kweupe, akamwuliza maswali mawili matatu kwa adabu, "Bibi, na hili lilikuwaje?"

Mhariri, mume wangu amezaliwa na mama huyo na hakuwahi kuyasikia hayo. Nilimwuliza mama mkwe usiku, kwa nini miaka yote hii hakutusimulia. Akanijibu, "Mlikuwa hamjaniuliza. Mkija hapa mnaniuliza presha."

Nimelitafakari jibu hilo mara nyingi. Sisi watoto tulioondoka, tukirudi tunawauliza wazee dawa, shamba, paa linalovuja, na nani amekufa. Ni maswali ya lazima na lazima yaulizwe. Lakini mzee akitolewa nje ya uzio wake, akafikishwa mbele ya kitu cha enzi zake, mdomo unafunguka wenyewe. Hata wale wasiosikilizana hupata cha kuzungumza. Wifi yangu na mimi, sitaficha, hatukuwa na maneno mengi baina yetu kabla ya siku ile.

Kesho yake kutwa tulikwenda Tongoni. Hapa nitakaa kidogo, wasomaji wanisamehe, kwa kuwa naamini wengi wanapita barabara ya Pangani bila kujua wamepita nini. Tongoni ni kama kilomita 17 kusini mwa Tanga. Kuna msikiti uliobomoka na makaburi yapatayo 40, na zaidi ya 20 kati ya hayo yalijengewa nguzo. Hakuna mahali pengine katika pwani yote ya Afrika Mashariki penye makaburi ya nguzo mengi namna hiyo pamoja. Nguzo nyingi zimeanguka, lakini ukiinama unaona kwenye mawe vile vishimo vya duara ambamo zamani zilipachikwa bakuli za kauri kutoka ng'ambo. Bakuli zimekwenda, vishimo vimebaki. Mtoto wangu wa kati aliingiza ngumi yake kwenye kimoja ikaenea barabara, akauliza bakuli liko wapi. Nilimwambia waliolichukua hawakuacha anwani.

Baba mdogo wa watoto ni mvuvi upande huo huo, na alikuja kutupokea na kanzu yake ya Ijumaa ingawa ilikuwa Jumatatu, kwa heshima ya wageni. Yeye makaburi hayakumshughulisha sana. Alitutembeza mpaka ufukweni maji yamekupwa, akanyosha mkono: "Pale pote ni mafungu ya mchanga. Usipoijua bahari hii, hata ngalawa itakaa mchangani ukisubiri bamvua." Binti yangu akasema, "Baba mdogo, hapa ndipo meli ya Vasco da Gama ilipokwama!" Na ni kweli. Pwani hii enzi hizo ikiitwa Mtangata. Aprili 1498 moja ya meli za Wareno, São Rafael, ilikaa kwenye mafungu ya huku mpaka maji yalipojaa ikaelea. Waliporudi kutoka India mwaka 1499 mabaharia walikuwa wamekufa wengi kwa maradhi, hawakutosha kuendesha meli zote, wakaichoma São Rafael hapa hapa. Ile milima ya Usambara inayoonekana kwa mbali waliipa jina la meli hiyo, ingawa kwetu Lushoto hakuna aliyepata habari.

Kitu kimoja kilichoandikwa na aliyekuwa katika safari ile kilinifurahisha kuliko vyote: walipokuwa wamekwama walifuatwa na vyombo viwili vya wenyeji, kimoja kimesheheni machungwa, na akaandika kwamba ni mazuri kuliko ya Ureno. Sasa sisi tulikuwa na nyavu mbili za machungwa tuliyonunua Muheza kwa kupitia dirisha la basi. Watoto walikaa juu ya ngazi za msikiti, nje ya ukuta, wakayamenya na baba yao mdogo akawamegea kwa kisu cha kuparia samaki. Somo la historia la kidato hicho sidhani kama binti yangu atalisahau.

Baba mdogo alisema kitu nami nakinukuu kwa kuwa kina maana kwa wanaosimamia maeneo haya: "Kumbe haya magofu yana habari na bahari yangu." Amevua hapo tangu kijana. Hakuna aliyemwambia.

Lushoto nitapita haraka. Mwendo wa Mombo kupanda juu ni kona tupu na mtoto wa mwisho alitapika, kama kawaida yake. Mama yangu mdogo tulimchukua mpaka Irente, pale genge linapokatika ghafla ukaiona nyika yote chini na Mazinde na mashamba ya mkonge yamepangwa mistari. Yeye alitazama kidogo akasema hali ya hewa ya chini anaiona mbaya, akafunga kanga vizuri, akataka kurudi akaangalie mboga jikoni. Si kila mzee atafunguka mbele ya mandhari. Lakini alikaa nasi njia nzima akitaja kila nyumba ni ya nani na nani aligombana na nani kwa mpaka wa shamba, na kwa jirani mmoja tuliingia kunywa chai, nami nikagundua ni binamu.

Najua watakaosoma hapa watasema: wewe unasema kwa wepesi, hujui wenyeji wa kwetu. Najua. Jambo la kwanza mwenyeji atakalosema ni, "Mmekuja kwangu au mmekuja kutembea?" Kwa hiyo mambo yana utaratibu wake. Siku ya kufika ni ya salamu, na mzee mkubwa kuliko wote asalimiwe kwanza nyumbani kwake hata kama anakaa mbali na stendi. Siku inayofuata ni ya misiba iliyowapita, kupeleka pole, na kuzuru makaburi ya kwenu wenyewe kabla ya kwenda kuyashangaa ya Tongoni. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Basi siku hiyo ya tatu, kabla jembe halijatolewa, ombeni ruhusa ya kutoka, na ombeni kwa mwenye nyumba, msitangaze. Mkishaambiwa "kuleni kwanza," kuleni. Nauli ya mwenyeji mlipe nyinyi, kiingilio chake nyinyi, na jioni mrudi na kitoweo. Mtu anayewalaza watu watano sebuleni asiingie gharama nyingine kwa sababu ya utalii wenu.

Na msipange vitu vinne kwa siku moja. Watu wa Tanga wanasemwa kwa ule msemo wa waja leo waondoka leo, lakini ukimharakisha mama mkwe wangu akiwa anaagana na mtu njiani, utajua kwamba msemo huo alitungiwa mwingine.

Ambao hata kiingilio ni kizito, mji wenyewe upo. Baada ya Alasiri tuliwachukua watoto na binamu zao wote, kundi zima, kwa miguu mpaka Mnara wa Saa na bustani iliyo juu ya bandari. Huko huko mitaani ndiko Waingereza na askari wao kutoka India walikopigana na Wajerumani Novemba 1914, vikosi vilivyoshuka melini vikashindwa na jeshi dogo kuliko lao, na nyuki nao wakaingia vitani. Mtoto wa wifi, wa darasa la tatu, ndiye aliyewasimulia wenzake habari za nyuki, kwa vitendo, akikimbia na kujipiga makofi ya shingo katikati ya bustani. Tulitumia fedha ya karanga tu.

Sasa ya malalamiko, maana barua ya msomaji isiyo na lalamiko nawe utaishangaa. Likizo nyingine, mkoa mwingine kabisa ambao sitautaja, tulikwenda na mzee wetu kwenye eneo moja la historia. Tulipofika tukaambiwa fedha taslimu haipokelewi, tusubiri namba ya malipo. Sawa, serikali inataka mapato yasipotee, sipingi. Mtandao ukawa haupo. Kijana wa zamu alikuwa mwungwana, akapanda mpaka juu ya kilima na simu yake mkononi akitafuta mtandao, akashuka, akapanda tena. Mzee wetu amesimama juani, hakuna benchi, hakuna kivuli zaidi ya cha bango lenye picha ya kivutio tulichozuiwa kukiona. Tulipouliza choo tukaonyeshwa kichaka. Tuliondoka bila kuingia, na mzee akasema njia nzima kwamba alijua tangu mwanzo mahali pale si pa watu kama yeye. Mzee akishasema hivyo, mwaka unaofuata haendi popote, na wajukuu hawaendi.

Wanaosimamia maeneo haya wanamfikiria mgeni mwenye gari, viatu vya kupandia na lugha ya kigeni. Kiingilio cha Mtanzania kimewekwa chini kuliko cha mgeni, na hilo nashukuru sana. Lakini bei ikishushwa halafu bibi akakosa pa kukaa, aliyesaidiwa ni nani? Benchi la mbao ni kazi ya seremala ya siku moja. Utaratibu wa kuandika majina na kulipia baadaye mtandao ukirudi hauwezi kuishinda nchi hii. Na waongozaji wetu, ambao wengi ni vijana wanaojua kazi yao, waelekezwe kumwuliza mzee aliyekuja na familia: wewe unapajuaje hapa? Wanakaa na habari milangoni wanaziacha zinaondoka na basi la saa kumi.

Kwako Mhariri ombi langu ni dogo na linawezekana kabla shule hazijafungwa. Zile kurasa za Desemba, acha simba wapumzike mwaka mmoja. Chukua mkoa mmoja kila toleo, uliza waandishi wako walioko huko, na utuandikie mambo ambayo mtu anayekwenda kwa wazazi anayahitaji: eneo liko umbali gani kutoka stendi, linafikika kwa daladala ipi, siku gani limefungwa, Mtanzania mtu mzima na mtoto wanalipa kiasi gani mwaka huu na wanalipaje. Mzee mwenye magoti anaweza kufika mpaka wapi. Tukiwa na gazeti mkononi tutampelekea mwenyeji ushahidi kwamba hata mahali pake pameandikwa, na hapo ubishi wa nani anakwenda na nani anabaki utakuwa mfupi. Mimi binafsi nahitaji habari za Pangani mapema, kwa kuwa mama mkwe amekwisha sema safari hii anataka kuona mji alikonyongwa Abushiri, yule aliyepigana na Wajerumani, na mimi Januari lazima niwe nimerudi kwenye cherehani, sare za shule hazisubiri.

Na choo, Mhariri. Tafadhali waandike kama pana choo.

Fundi cherehani,
Dodoma